Wenye Masikio

Pua yenye unyevu iligusa goti lake, na fundi cherehani akaondoa mguu kwenye pedali. Sindano ikasimama katikati ya pindo la pazia. Hakuuliza kuna nini. Karani, mbwa wa rangi ya majivu aliyekatika ncha ya sikio moja, hakuwa na tabia ya kuleta habari za uongo. Alimtazama bibi yake, akageuka, akatangulia ukumbini kwa ile haraka ya mtu aliyeachiwa ofisi nzima peke yake. Mwanamke akamfuata hadi chumbani. Huko Mheshimiwa alikuwa amelala chali kitandani mwake, mdomo wazi, ngumi zimekunjwa, akilia kwa nguvu zake zote kilio ambacho mama yake hakuwahi kukisikia hata siku moja.

"Haya, mkubwa, nimefika," alimwambia akimwinua. "Usituvunjie nyumba."

Jina la Mheshimiwa alijipatia mwenyewe kwa mwenendo wake. Hafanyi kazi, hatembei, anabebwa. Akitaka jambo, watu wazima wanakimbizana. Hata meno hakuwa nayo, na bado kila mtu nyumbani alimwogopa.

Fundi hakuzaliwa kiziwi. Homa kali ilimkuta akiwa msichana mkubwa, anajifunza kukata nguo, na ilipoondoka iliondoka na masikio yake yote mawili. Sauti alibaki nayo, ila hakuweza tena kuipima, na mara nyingi alijua amepaza au amenong'ona kwa kutazama nyuso za watu. Maneno ya wenzake aliyasoma midomoni. Mtu akimkabili na kusema bila pupa, alimpata karibu neno kwa neno. Lakini watu huinama, hutafuna, hucheka huku wanazungumza, humgeukia mwingine katikati ya habari. Hapo ndipo fundi alipokuwa na dawa yake ya miaka mingi: kutabasamu na kuitikia kwa kichwa. Aliitikia mizaha asiyoijua, aliitikia habari za misiba asiyojua ni ya nani, na mara moja aliitikia mteja aliyekuwa akimtukana. Ilimwepusha na adha ya kuuliza mara ya tatu, na watu walimsifu kwamba ni mtu mpole, hana makuu.

Karani hakufundishwa kazi na yeyote. Mtoto alipoletwa nyumbani, kilio chake kilimkatizia mbwa usingizi wa mchana, naye akaenda kulalamika kwa mwenye nyumba. Malalamiko yakashughulikiwa. Kesho yake akalalamika tena, yakashughulikiwa tena, na tangu hapo akajiona ameajiriwa. Mwenzake, jike nene la kahawia waliloliita Bibi Harusi kwa mwendo wake wa kuringa, hakujihangaisha na taarifa. Yeye alilala chini ya kitanda cha mtoto, na mtoto akiwekwa mkekani, alitoa masikio yake yavutwe bila hata kufumbua macho. Nyumba ilikuwa imepata mtindo wake, na ulikwenda vizuri.

Tatizo lilikuwa kwamba mtindo huo haukumwingia mtu mwingine akilini. Kuna siku Mheshimiwa alibingirika akaanguka kutoka kitanda kikubwa. Karani alimleta mama yake mbio, akamkuta mtoto hata hajamaliza kushangaa. Lakini habari ilipotoka nje ilitoka imekatwa kichwa na miguu: mtoto ameanguka, mama yake hana habari. Tangu siku hiyo mama mkwe hakulala vizuri.

Naye hakuwa mtu mbaya, mama mkwe huyo. Alimwogesha mjukuu wake kwa mikono ambayo hata Mheshimiwa aliiheshimu, na hakupata kufika mikono mitupu. Kwa hiyo alipokuja mchana huo na binti yake, fundi aliwakaribisha kwa moyo mweupe, akawaandalia chai, akashangaa kidogo tu kuona kwamba safari hii mkoba wa mama ulikuwa mkubwa na hauna kitu ndani.

Mumewe alikuwapo. Alikuwa fundi wa friji, mtu wa maneno machache na masikio ya ajabu. Angepita nje ya duka akakwambia friji ya ndani inakaribia kufa. Siku hiyo alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili na kukitazama kama kinachomdai.

"Tumekuja kumchukua, mwanangu," mama mkwe alisema, akimkabili vizuri kama alivyozoea. "Kama tulivyokubaliana."

"Kumchukua nani, mama?"

"Mjukuu wangu. Akae kwangu mpaka ajue kusema na kutembea. Akishaweza kukufuata na kukushika nguo, nitamrudisha. Si tulikwambia siku ile? Ulikaa hapo hapo, ukakubali."

Fundi alitafuta siku ile kichwani, akaiona. Mama mkwe alikuwa ameinama anakunja nepi, mgongo umegeuka nusu, anasema. Yeye alikuwa amechoka, akatabasamu, akaitikia kwa kichwa. Mumewe alikuwa amekaa pale pale. Na mumewe, kuliko mtu yeyote duniani, alijua kuitikia kwake kwa kweli na kuitikia kwake kwa kufunika.

"Sikukupata, mama," alisema. "Niliitikia tu."

Wifi yake alimgeukia kaka yake, akasema jambo.

"Wifi, naomba unitazame ukisema."

Wifi akageuka. Sasa alitamka kila neno kwa upana, kama anamlisha. "Nasema, hayo ndiyo tunayoyasema. Unaitikia usichokijua. Mtoto akipaliwa, utaitikia?"

"Karani yupo."

"Karani ni mbwa, wifi! Akifa? Akifuata majike mtaani? Akiamua tu leo hataki?"

"Sina ubaya na wewe," mama mkwe aliingilia, macho yamelowa. "Roho yangu haitulii. Nikikaa kule, nasikia analia."

Fundi alimtazama mumewe. Mumewe alisema, "Tuongee taratibu," ambalo ndilo neno alilolipenda kuliko yote, kisha akaongeza jingine ndani ya kikombe, lisilosomeka. Umbo la shavu lake lilitosha. Lilikuwa ni neno la "pengine".

Angeweza kupiga meza. Badala yake alifanya alichokizoea. Alisema asante, akasema wampe muda afikirie, akasema mteja anataka mapazia yake leo na mtoto bado amelala. Akaenda kwenye chumba chake cha kazi, akakaa, akakanyaga pedali.

Cherehani ilitetemesha meza, na mtetemo ukampanda mikononi. Machozi yalimzuia kuona mstari, akayafuta kwa bega na kuendelea. Lililomuuma zaidi ni kwamba hakuwa na uhakika kwamba wamekosea. Kila usiku alilala na kiganja juu ya kifua cha mtoto. Alikuwa amejifunza kumjua kwa rangi ya uso, kwa jasho la shingo, kwa namna anavyokunja vidole vya miguu kabla ya kulia. Yote hayo aliyafanya kama mtu anayefanya mtihani ambao msimamizi wake haondoki chumbani. Pengine mama aliye bora ndiye anayejua kutoa. Alipiga pindo la kwanza, akageuza kitambaa, akapiga la pili, na fikra zikamzunguka hapo hapo.

Alipofika mwisho wa pazia alikata uzi, na ndipo alipohisi kuna kitu kimepungua. Goti lake lilikuwa kavu. Alikuwa ameshona pazia zima na hakuna aliyekuja kumkatiza. Karani alikuwa na desturi ya kupita hata asipokuwa na habari, kukagua tu na kuondoka. Jua lilikuwa limehama kutoka kwenye mkasi hadi ukutani. Maziwa yalikuwa yamemjaa kifuani mpaka yakauma, maana saa ya Mheshimiwa ilikuwa imekwishapita.

Akainuka. Ukumbini mlango wa stoo ulikuwa umefungwa kwa komeo, na ulikuwa ukitikisika. Katika uwazi wa chini zilionekana kucha nne za kijivu zikichimba sakafu.

Hakusimama kuufungua. Njia ya kwenda chumbani ilipita sebuleni, na sebuleni aliwaona wote watatu. Wifi alikuwa amekunja mikono, kidevu juu. Mama mkwe alikuwa ameuma kitambaa cha mkononi. Na mumewe, yule mwenye masikio ya ajabu, alikuwa ameinamia magoti yake, ameziba masikio kwa viganja vyote viwili.

Fundi alielewa kabla hajafika mlangoni.

Mheshimiwa alikuwa ameiva uso. Nywele zilikuwa zimegandamana kwa jasho, shuka limelowa matapishi, na mdomo ulifunguka na kufungwa bila nguvu, kama wa mtu aliyekwisha kata tamaa na watu wake. Chini ya kitanda hapakuwa na Bibi Harusi. Mama alimwinua mwanawe akambana kifuani, na kwikwi za mtoto zikampiga mbavuni moja baada ya nyingine. Alizisikia kwa mifupa. Kitu ndani yake, kilichokuwa kimepiga magoti kwa miaka, kikasimama.

Alirudi sebuleni naye.

"Amelia kwa muda gani?"

Akawatazama midomo, mmoja mmoja.

"Nauliza wenye masikio. Amelia kwa muda gani?"

Wifi ndiye aliyejikaza. "Tulitaka uone mwenyewe, wifi. Na kaka naye aone. Bila mbwa hao, ungekuwa huko bado unashona. Si umeona?"

"Nimeona," alisema fundi. Kwa jinsi walivyorudi nyuma kwenye viti alijua kwamba amepaza sauti, na hakuishusha. "Mimi sikusikia. Nalijua hilo, mnalijua, mtaa mzima unalijua. Sikusikia, na nimekuja. Ninyi mmesikia. Watu wazima watatu mmesikia, mkakaa."

"Mwanangu," mama mkwe alisema, na machozi yalikuwa yakimtiririka kweli, "mara tatu nilitaka kuinuka..."

"Hukuinuka, mama."

Mkoba ulikuwa kando ya kiti, na sasa haukuwa mtupu. Fundi alipiga goti, mtoto begani, akaanza kutoa vitu kwa mkono mmoja: nepi, fulana ndogo, kofia ya sufu aliyoifuma mwenyewe. Kila alichokitoa alikitupa juu ya meza, katikati ya vikombe. Wifi alikuwa akisema, haraka haraka, uso upande, nusu kwake na nusu kwa dari. Siku zote hapo ndipo kichwa cha fundi kilipoanza kuitikia chenyewe. Akakizuia. Shingo yake ilikakamaa kwa kukizuia.

"Sikupati," alisema. "Na leo sitaki kukupata. Mtoto haendi popote. Siku atakayotoka hapa atatoka kwa miguu yake, anakwenda shule, na mbwa nyuma yake. Mama, kuja utakuja, mjukuu ni wako, mlango sijaufunga. Lakini ukiwa ndani ya nyumba hii na mtoto akalia, unainuka. Ukishindwa kuinuka, usije."

Mumewe alikuwa amesimama. Midomo yake ilianza, "Mke wangu, mimi..."

"Wewe unasikia friji inayoumwa ukiwa barabarani," alimwambia. "Kafungue stoo."

Akaenda. Karani alitoka kama risasi, akapita miguuni mwa wageni bila kumtambua yeyote, akanusa nyayo za Mheshimiwa, kisha akamwinulia bibi yake kichwa na kubweka. Fundi aliziona taya zikifunguka na mbavu zikijaa. Taarifa ilikuwa imechelewa, lakini ilibidi itolewe, na aliipokea yote mpaka mwisho. Bibi Harusi alitoka baadaye kwa hatua zake za harusi, akasimama mbele ya mama mkwe, akamtazama kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu, akaendelea na safari yake chumbani.

Fundi alimfuata, akaketi kitandani, akafungua vifungo vya blauzi. Mheshimiwa alilishika ziwa kwa pupa, akakwama, akashtuka kwa kwikwi, akalishika tena. Mlangoni vilisimama vivuli vya watu. Walikuwa na mengi ya kusema, ilionekana wazi. Mama mkwe alikuwa amenyoosha mkono, mume alikuwa tayari amefungua kinywa. Walikuwa na haki ya kusema. Yeye naye alikuwa na macho yake.

Akayafumba.

Palikuwa shwari humo ndani. Hapakuwa na mdomo wa kufukuzia, wala uso wa kukagua kama amepaza sauti. Palikuwa na uzito wa mtoto, joto lake, vidole vinavyoparura ubavu wake kuomba zaidi. Baadaye hewa ilisogea, kama mlango wa nje umefunguliwa na kufungwa. Nani ametoka na nani amebaki, hakuangalia. Juu ya miguu yake Karani alilaza kidevu, kisha akakiinua, kisha, baada ya kufikiri, akakilaza tena.

Godoro likabonyea upande wa miguuni. Mtu alikaa. Hakumgusa, na wala hakuondoka. Alingoja.

Mheshimiwa aliachia ziwa, akashusha pumzi ndefu, akalirudia. Mama yake alimsogeza karibu zaidi, na macho hakuyafumbua.