Kondoo wa Fazlullah Mirza

Mji wa Khunsari ulikuwa na watu wawili walioshiriki jina moja. Mmoja aliitwa Mirza Fazlullah, imamu wa msikiti mdogo wa mtaa wa juu. Wa pili aliitwa Fazlullah Mirza, kitukuu wa mfalme. Kwa watu wa huko, Mirza likitangulia jina, mwenyewe kasoma. Likifuata nyuma, mwenyewe kazaliwa na wakubwa. Huyu wa pili alikuwa kazaliwa tu, kingine hakuwa nacho. Mababu zake walikuwa na wake wengi na watoto wasio idadi, na urithi ulipokwisha kukatwakatwa, yeye aliangukiwa na nyumba ya paa linalovuja na joho moja la shali, ambalo mkewe alilitia viraka upande wa ndani ili nje visionekane.

Majira yale ya baridi imamu wa msikiti mkuu alifariki, na wazee wakaanza kutafuta wa kushika nafasi yake. Mirza Fazlullah aliitaka nafasi ile, ingawa kila aliyemuuliza alimjibu kwamba mzigo huo si wa mabega yake. Akawaalika wazee chakula cha mchana, siku Mashia wanayoadhimisha mazazi ya Imamu wao wa mwisho, katikati ya Shabani. Alialika kwa mdomo mpana, kisha akaenda kuchungulia ghala yake, akakuta vitunguu na mchele wa kutosha watu wa nyumbani tu.

Siku chache kabla ya karamu, mlango uligongwa. Alikuwa Kurban, mwenye nyumbu wa kubeba mizigo, ndevu zimeganda theluji.

"Hapa ndipo kwa Mirza Fazlullah?"

"Ndipo."

"Basi pokea, Agha, niondoke kabla njia haijafunga. Kondoo hawa wawili, na hili kapu. Dada yako wa Isfahani anakusalimu sana. Anasema binti aolewe kwa heri."

Mirza Fazlullah hakuwa na dada Isfahani wala kwingine. Binti hakujaliwa. Aliwatazama wale kondoo, mikia yao ya mafuta inayumba kama mito ya kulalia, na neno alilopaswa kusema lilikuwa jepesi kuliko unyoya: nyumba siyo hii, teremka mtaa wa chini. Badala yake alisema, "Alaika wa alaihas-salamu. Mungu akulipe, baba."

Mkewe, Bibi Sakineh, alifungua kapu. Mlikuwa na mabumba ya sukari yaliyochongoka kama pia, yamevikwa karatasi nyekundu na kufungwa uzi wa kijani.

"Agha, sukari ya namna hii hupelekwa kwenye akidi ya ndoa. Nani anaoa humu?"

"Waumini wa Isfahani wametukumbuka. Riziki huiulizi kabila lake."

Bibi Sakineh alimwangalia. Akaenda kutafuta mchinjaji.

Siku ya karamu sebule ilijaa. Haji Rajabali, tajiri wa asali ambaye neno lake ndilo lililokuwa neno la mji, aliketishwa juu kabisa. Fazlullah Mirza naye alialikwa, kwa kuwa karamu isiyo na hata mtoto mmoja wa kifalme huonekana pungufu. Akaketi karibu na mlango, penye viatu. Walikula pilau na nyama mpaka vidole vikang'aa. Haji Rajabali aliposhiba alitafuta wa kumchokoza.

"Wazee walisema kweli. Hakuna mji usiokuwa na ngamia, chawa na wana wa wafalme."

"Ngamia mwaka huu mmewakosa, Haji," alijibu Fazlullah Mirza. "Njia ina theluji. Itabidi mvumilie na sisi wawili tuliobaki."

Watu wakacheka, na Haji mwenyewe akacheka.

"Na harusi ya binti yako, mwana wa mfalme? Tulisikia ni kabla ya Ramadhani."

"Namngoja dada yangu wa Isfahani. Ameahidi kondoo wawili na sukari ya akidi. Vikifika tu, nyote nitawaita, na Agha Mirza ndiye atakayefunga ndoa."

Mirza Fazlullah alikuwa amesimama na sinia ya chai. Kando ya samawari, karatasi nyekundu ilikuwa imelala wazi na uzi wake wa kijani. Aliyaona macho ya yule mtu yakienda pale, yakatua, yakarudi polepole kwenye sahani yake yenye mifupa. Uso haukubadilika, ila masikio yalikuwa mekundu. Fazlullah Mirza alichukua kipande cha sukari kutoka kwenye sinia, akakishika kwa meno kama ada, akanywa chai yake mpaka mwisho.

"Mungu akuzidishie, Agha Mirza," alisema. "Nyama ilikuwa laini."

Hapo palikuwa na nafasi ya kusema. Kosa la mbeba mzigo, wangelicheka, yakaisha. Lakini Haji Rajabali alimgusa bega akisema, "Mkono wako mpana, Agha. Msikiti mkuu unataka mtu wa mkono mpana." Mirza Fazlullah akaagiza chai nyingine, na jasho likamtoka mgongoni kama aliyevaa joho ndani ya hamamu.

Theluji ilipoyeyuka, msafiri kutoka Isfahani aliuliza kwa nia njema kama wale kondoo walifika. Wakwe wa binti wakapiga kelele kuwa hawajawaona, habari ikamfikia liwali, na askari wakamkamata Kurban sokoni. Walimlaza chali, wakamfunga miguu kwenye mti, wakaanza kumchapa nyayo.

"Nilimpa Mirza!" alilia Kurban. "Nilimpa mkononi mwake!"

"Mirza yupi? Mji umejaa akina Mirza."

Watu walikuwa wakitoka kuswali adhuhuri, na Mirza Fazlullah alikuwa miongoni mwao. Kurban alinyanyua kichwa kutoka vumbini, akamwona.

"Yule pale. Agha, waambie."

Soko zima liligeuka. Mirza Fazlullah alifungua mdomo. Kabla hajapata sauti, Fazlullah Mirza alijipenyeza katikati ya watu, joho lake limemning'inia bega moja.

"Mfungueni. Mzigo ulinifikia mimi. Nimezeeka, nikasahau."

"Kondoo wawili mtu anawasahau?" aliuliza askari.

"Ukoo wetu umesahau majimbo mazima, mwanangu. Kondoo ni kitu gani?"

Wakacheka, wakamfungua Kurban, naye akaenda zake anachechemea huku akimtazama imamu. Tangu siku ile mji ukawa na hadithi: mwana wa mfalme kala kondoo wa harusi ya mwanawe mwenyewe. Binti aliolewa kwa zabibu kavu mahali pa sukari. Aliyefunga ile ndoa alikuwa Mirza Fazlullah, na alipofika kwenye jina la baba wa bibi harusi, aliomba maji kwanza.

Nyumbani, Bibi Sakineh alimwekea mkate mbele yake.

"Uso umeumbwa na haya, Agha. Wako sijui uliumbwa na nini. Mimi niliwapika wale kondoo kwa bismillahi."

Ijumaa iliyofuata wazee walimwita msikiti mkuu wamtangaze kuwa imamu wake. Alisimama mbele ya watu, akasema yote: mlango, salamu za dada asiye wake, karatasi nyekundu, nyayo za Kurban. Hakuongeza wala hakujitetea. Haji Rajabali akavaa viatu vyake, akatoka bila kuaga.

Mirza Fazlullah alitoka pale akiwa mwepesi kidogo. Akachukua kondoo wawili aliowapata kwa kuuza shamba lake la lozi, akateremka nao mtaa wa chini. Fazlullah Mirza alimfungulia mlango mwenyewe, mtumishi hakuwa naye.

"Nimekuja kuomba radhi. Leo nimesafisha jina lako mbele ya mji mzima."

"Nimesikia." Hakumpisha mlangoni. "Agha Mirza, walikuwa wakinidhani mlafi. Mlafi ni mtu mwenye chakula. Sasa wananijua ni maskini niliyekula kondoo wangu sebuleni kwa mtu, nikasema ahsante. Uliponichukulia kondoo nilinyamaza. Leo umechukua na kule kunyamaza kwangu."

"Nilifikiri..."

"Ungeniuliza kwanza. Mlango wangu ulikuwa hapahapa." Akawatazama kondoo. "Mpelekee Kurban. Yeye ndiye aliyepigwa."

Mirza Fazlullah alifanya hivyo. Kurban aliwapokea, akashukuru kwa ufupi, asimkaribishe ndani. Msikiti mkuu ulikabidhiwa mtu kutoka mji wa Golpaygan, na ule mdogo wa mtaa wa juu ukabaki na waswalio wachache. Sokoni, Fazlullah Mirza hutangulia kumsalimu kila wakutanapo, kwa sauti safi na mkono kifuani, kama alivyofunzwa na mababu zake. Mirza Fazlullah humrudishia salamu kamili, lakini huirudisha akiangalia mawe ya njia.