Mlango wa Pembeni

Kibandiko kilikuwa cha manjano, kimeandikwa MGENI kwa herufi nzito, na kila Delmar Hoyt alipokibandika kifuani kilikataa kushika. Shati lake la kazi lilikuwa na vumbi la mahindi ambalo sabuni ilishalikatia tamaa, na gundi ya serikali haikuliweza pia. Corinne, mkewe, alikuwa akikibandika mara moja, anakipiga kofi dogo, kinatulia. Lakini Corinne alizikwa wakati wa theluji ya mwaka jana, na sasa ni Delmar aliyesimama kwenye mlango wa pembeni wa shule, karibu na mapipa ya taka za jikoni, akisubiri kufunguliwa.

Verity, binti yake wa miaka minane, alikiangalia kifua cha baba yake, akasema kitu. Mtu mwingine angesikia sauti zinateleza tu, moja juu ya nyingine, kama mtu anayeongea na maji mdomoni. Neno la mwisho peke yake, "Baba", ndilo lililotoka safi. Lilitoka safi siku zote.

Delmar alisikia yote. *Kinadondoka tena, Baba.*

"Kiache kidondoke," alijibu. "Labda wataacha kunihesabu."

Akili ya Verity ilikuwa nzima. Alisoma vitabu vinene kuliko alivyowahi kusoma baba yake. Kasoro ilikuwa njiani, kati ya kichwa na ulimi: neno liliondoka salama na kufika limevunjika. Corinne aliamua kumfundisha nyumbani, kwenye meza ya jikoni, asichekwe na watoto wa watu. Lakini matamshi hakuweza kuyafundisha. Akaenda ofisi ya elimu, akaketi pale na kufuma soksi mpaka wakachoka kumtazama, wakakubali: masomo yote nyumbani, na mara mbili kwa wiki mtoto aje kwa Bi. Rasmussen, mwalimu wa matamshi, katika chumba kidogo nyuma ya ukumbi wa michezo.

Delmar hakuupenda mpango huo tangu mwanzo. Mtu unalipa kodi maisha yako yote, kisha unaingizwa kwa mlango wa taka kana kwamba umekuja kuomba makombo. Lakini ulikuwa mpango wa Corinne, na vitu alivyoviacha Corinne Delmar hakuvigusa, hata koti lake lililoning'inia nyuma ya mlango.

Kisha ikaja habari kwamba Verity atapimwa upya, kuonekana kama bado anastahili masomo hayo ya matamshi.

"Hawampimi yeye, Delmar. Wanakupima wewe," Lorna Tveit alimwambia alipokuja kununua chakula cha kuku kwenye kinu cha mahindi alikofanya kazi Delmar. Wanawe wote walisomea nyumbani, na shule ya serikali aliitaja kama watu wanavyoutaja ugonjwa. "Tangu Corinne afe, wanangoja uteleze tu. Mwanamume peke yake, na shule yenyewe hukumaliza."

"Niliichoka."

"Ilikuchoka yenyewe! Usinidanganye mimi, tulikaa dawati moja. Ulikuwa ukinakili mpaka makosa yangu."

Delmar alicheka bila kutaka. Akaacha kucheka. "Wakisema nimeshindwa?"

"Watamtaka aje siku nzima, huko ndani, na wao. Sasa sikiliza." Lorna aliegemea kaunta. "Picha za kupimia ni zile zile kila mwaka. Mwanangu alipimwa nazo. Mkasi, ngazi, chura, buibui… nitakutajia zote."

Alimtajia, na Delmar, ambaye hakuwahi kukariri kitu darasani, alizikariri hapo hapo, akiwa amebeba gunia begani.

Alizichora mwenyewe kwa kalamu ya seremala, kwenye karatasi za magunia matupu. Asubuhi kabla ya kwenda kinuni, na jioni akirudi, alimkalisha Verity mezani. Bi. Rasmussen alikuwa amemfundisha mtoto kugonga meza kwa kidole, pigo moja kwa kila kipande cha neno, ili ulimi upate mahali pa kukanyaga. Basi waligonga. Chu-ra. Bu-i-bu-i. Verity alicheka chura alivyofanana na kiazi, na Delmar akamwambia acha kucheka, sema. Kuna jioni mtoto alilia. Delmar aligeukia dirisha mpaka kilio kikaisha, kisha akainua picha iliyofuata.

Ilipofika siku ya kupimwa, kila neno lilitoka limenyooka kama msumari mpya. Ni pale tu Verity alipotaka kusimulia jambo, kuku aliyelala ndani ya ndoo, kwa mfano, ndipo maneno yalipoteleza kama zamani. Delmar aliliona hilo. Alilisogeza kando, kama mtu anavyosogeza bili chini ya sahani.

Leo walikuwa wanakuja kusikia majibu.

Viti vya chumba cha Bi. Rasmussen vilikuwa vya watoto, na Delmar alipoketi magoti yalimfikia kifuani. Verity alikaa pembeni na sanduku la vipande vya mbao. Mkabala na Delmar aliketi Bwana Pruett, mkuu wa elimu maalumu wa wilaya, tai yake imejaa picha za penseli. Bi. Ingrid Rasmussen, mama mfupi mwenye mvi na miwani ya kamba, hakuwa anatabasamu.

"Nina habari njema, Bwana Hoyt," Pruett alisema. "Njema sana. Binti yako amepita. Tena amepita kwa mbali!"

Kifua cha Delmar kilifunguka. Aliwaona wote kwa mkupuo mmoja: walimu waliomkalisha nyuma, na wakubwa wa kila ofisi aliyowahi kusimama mlangoni pake na kofia mkononi. Kaeni na hiyo, alisema moyoni.

"Kwa hiyo," Pruett aliendelea, "huduma hii haihitaji tena. Tutamwaga rasmi mwisho wa mwezi."

"Kumwaga vipi?"

"Amemaliza. Hatakuwa na haja ya kuja."

"Mimi bado nina wasiwasi," Bi. Rasmussen alisema polepole. "Picha alizitaja zote. Lakini nilipomwomba tuzungumze tu, alifunga mdomo. Mtoto ambaye huwa hanyamazi humu ndani."

"Aibu tu hiyo. Matokeo ni matokeo, Ingrid. Na wapo watoto wetu wanaongoja nafasi."

"Watoto wenu," Delmar alisema.

"Walioandikishwa, nilimaanisha."

"Mnamfukuza."

"Bwana Hoyt, amefaulu! Ulitaka nini, afeli?"

Maneno kama haya Delmar aliwahi kuyasikia. Ndivyo wakubwa wa kaunti walivyosema walipoifunga zahanati ya mji: mambo yamekwenda vizuri, hamuihitaji tena. Baridi ilipoingia, gari la wagonjwa lilitoka mji wa mbali, na Corinne hakuweza kulingoja. Tangu hapo Delmar alijua wa kumlaumu, na lawama ile ilimpasha moto kuliko blanketi. Sasa aliitafuta tena, aielekeze kwenye tai ya penseli, nayo ikakataa kwenda. Kila ilipotoka ilimrudia mwenyewe, na kalamu ya seremala mkononi.

Kiti kilikwaruza. Verity alikuwa ameinuka pembeni kule. Alikuja mpaka mezani, akasimama mbele ya Bi. Rasmussen, na kwa uso wa mtu mwenye habari tamu alisema yote kwa pumzi moja. Sauti zilikimbia, zikagongana, zikaanguka.

Pruett alimtazama Bi. Rasmussen. Bi. Rasmussen alitikisa kichwa. Kisha wote wawili wakamgeukia Delmar, kama walivyokuwa wakimgeukia Corinne.

"Amesema nini?" Pruett aliuliza.

Delmar alikuwa amesikia kila neno. *Baba alinifundisha picha. Alizichora zote. Chura wake ni kama kiazi. Sitaki kuacha kuja.*

Mtoto hakushtaki. Alikuwa anamsifia baba.

Uongo ulikuwa tayari mdomoni, umeshavaa viatu. *Anasema asante.* Wangecheka, wangepeana mikono, na nani angejua? Ukweli nao aliuona unapoelekea. Wataandika kwamba Hoyt ni mdanganyifu, kwamba meza ya Corinne haina mwalimu tena. Baada ya hapo watamtaka mtoto siku nzima, kama Lorna alivyosema. Verity alimtazama, akisubiri, kama alivyosubiri siku zote, baba amchukulie maneno yake na kuyafikisha kwa watu.

"Bwana Hoyt?"

"Muulize mwenyewe," Delmar alisema.

"Lakini sisi hatumwelewi—"

"Ndiyo. Hamumwelewi. Muulizeni mwenyewe."

Bi. Rasmussen alimtazama Delmar. Kisha alivua miwani, akaweka kiganja chake mezani.

"Verity, mwanangu. Niambie tena, polepole. Mimi sina haraka."

Pruett alichungulia saa yake. Mtoto alimtupia baba jicho mara nyingine, na Delmar akaangalia mikono yake mwenyewe, akaishika isinyanyuke. Alimsikia akivuta pumzi. Alikisikia kidole kidogo kikitua juu ya meza, na kutua tena.

"Ba-ba," Verity alisema, safi kabisa, na vichwa viwili vikamgeukia Delmar.

Kibandiko kilikuwa kimebanduka upande mmoja, kinaning'inia. Hakukigusa. Kidole cha mtoto kiliinuka tena, kikasimama hewani, kikitafuta mahali pa kutua.