Meneja Amependa

Mbwa wao aliitwa Meneja kwa sababu alikuwa akizunguka nyumba nzima kukagua kazi za watu, na yeye mwenyewe hafanyi kitu. Jina hilo alipewa na mama wa nyumba. Mama alipofariki, jina likabaki, na mbwa akabaki, na mume wa marehemu, na kabati kubwa la ukutani lililojaa magauni yake.

Binti yao alirudi kuishi na baba yake baada ya mazishi. Kazi yake ilikuwa kuchora katuni. Alichorea kwenye chumba cha mbele, mezani karibu na dirisha, kwa kalamu isiyo na wino, juu ya kioo cha kompyuta. Kipindi chake kilikuwa cha vichekesho, kuhusu familia moja: baba mbishi, binti mwenye usingizi usiokwisha, na mbwa anayesema. Hakuwa amejisumbua kutafuta mbali. Mbwa wa katuni naye aliitwa Meneja, sikio moja limesimama na jingine limelala, sawasawa na yule aliyekuwa chini ya meza akimlalia miguu.

Sauti ya mbwa wa katuni ilikuwa ya baba, na hilo lilitokea kwa bahati tu. Maisha yake yote ya kazi mzee alikuwa mtangazaji wa kituo cha treni, yule mtu ambaye abiria wote wanamsikia na hakuna anayemjua kwa sura. Alipofiwa alipunguza maneno kidogo kidogo, mpaka akawa anajibu kwa kichwa. Siku moja mwigizaji aliyepangwa hakutokea. Binti akamsukumia baba yake karatasi.

"Baba, nisomee hii tu, nipime urefu wa maneno."

Mzee akaingia ndani ya kabati, maana magauni yalikuwa yakinyonya mwangwi, akafunga mlango, akasoma. Binti alicheka mpaka akateleza kwenye kiti. Tangu siku hiyo, ukitaka kumsikia mzee akiongea, ilibidi awe mbwa.

Halafu ikaja sehemu ya mapenzi. Binti alikuwa ameiandika hivi: Meneja anampenda mbwa jike wa jirani, anatokea mpinzani, Meneja anampiga chenga kwa ujanja wa kila namna, na mwisho ni harusi, mbwa wote wamevaa tai. Mtayarishaji wa kipindi alikuwa ameshaisoma na kuipenda. Baba yake aliisoma akiwa amesimama, kisha akavua miwani.

"Mbwa hasemi hivi."

"Anasemaje?"

"Sijui. Lakini si hivi." Akairudisha miwani, akasoma kwa sauti kavu: "'Moyo wangu unawaka, njoo uuzime kwa busu.' Huyu anaita mpenzi au anaita zimamoto?"

"Baba, ni katuni!"

Mzee aliingia kabatini hata hivyo. Binti akavaa hedifoni, akasubiri. Hakusikia kitu ila kitambaa kikigusa kitambaa. Mlango ukafunguka, baba akatoka, akaurudishia taratibu kama kuna mtu amelala ndani.

"Siwezi," akasema. "Leo siwezi."

Na kesho yake hakuweza. Binti akajaribu kutafuta mtu mwingine, lakini kila sauti aliyoiweka mdomoni mwa mbwa yule ilionekana imeazimwa.

Siku hizohizo Meneja wa kweli akaacha kula. Alikuwa akilinusa bakuli, anashusha pumzi ndefu, anakwenda kulala mbele ya geti na kidevu chake juu ya zege. Mchana jua lilipoingia dirishani na chumba kikajaa lile joto linalolegeza mwili, binti alikuwa akichora macho ya mbwa aliyependa, yamefumba nusu, yanaangalia mahali pasipokuwa na kitu. Akiinua uso, anayaona macho yaleyale getini. Akachora zaidi, akaangalia zaidi, mpaka hakujua tena nani anamwiga nani, na geti lenyewe likawa kama mistari aliyoichora asubuhi akasahau kuifuta.

Ndipo akagundua kwamba geti liko wazi na mbwa hayupo.

"Baba! Meneja ametoka!"

Walitoka wote wawili, mzee na ndala zake za ndani. Hawakuhitaji kuuliza mtu. Kwenye lami, kuelekea kichochoro cha nyuma, zilikuwepo nyayo nyeupe za mbwa, nyingi, nyingine mpya na nyingine zimeshafifia. Binti alipita njia ile kila alipokwenda dukani na hakuwahi kuziona.

Nyayo ziliishia nyuma ya kiwanda kidogo cha mikate. Saa za mchana mlango wa nyuma ulikuwa unaachwa wazi ili joto la matanuru litoke, na pamoja na joto ulitoka unga. Ulielea kichochoroni, ukashika jua, ukatua polepole juu ya makreti, juu ya baiskeli, juu ya ukuta, hata mtu akifika pale anapunguza mwendo bila kuambiwa. Katikati ya weupe ule alikuwa amelala Meneja, mweupe pee. Kando yake, juu ya magunia matupu, walilala watoto wa mbwa wamerundikana, wanapumua kwa pamoja.

"Kumbe ni wenu!" Mama mwoka mikate alitokea mlangoni akijifuta mikono kwenye aproni. "Karibu mzee, karibu dada. Mimi nilidhani hana kwao. Haachi kuja hapa."

"Hawa watoto ni wake?" binti akauliza.

"Thubutu! Angalia rangi." Walikuwa wa manjano, wote, na Meneja chini ya unga ule ni mweusi. "Baba yao ni yule mbwa wa buchani, na hajakanyaga hapa hata kuwajulia hali. Mama yao ni wangu, Bi Unga. Huyo anapita."

Bi Unga alipita kweli. Kwa unga uliomjaa, rangi yake ya kuzaliwa hakuna aliyekuwa anaijua. Alimruka Meneja kama mtu anavyoruka kidimbwi, akaelekea buchani, mkia juu. Meneja alimfuata kwa macho mpaka kona, kisha akashusha kidevu na kuwasogelea wale watoto. Mmoja akapanda juu ya shingo yake, akakojoa.

"Kila siku ndivyo," mwoka mikate akasema. "Mwenzake akitoka kunyoosha miguu, yeye anabaki kulea. Sijui ana moyo gani." Tanuru likamwita, akaingia ndani.

Binti akageuka. Baba yake alikuwa ameshavuta kreti tupu, ameligeuza, amelikalia, na mkono wake uko juu ya kichwa cha mbwa.

"Pole, Meneja," akasema. "Hata mimi yalinikuta."

Binti akachuchumaa kando ya makreti.

"Yule aliyekupa jina alikuwa anapanda treni ya asubuhi," mzee akaendelea, akimwambia mbwa. "Mimi niko juu kwenye kijumba changu cha vioo, yeye yuko chini, hana habari. Treni nyingine zote nilikuwa nazitangaza mara moja. Yake, mara mbili. Tena polepole, ili ainue uso. Unajua alifanya nini? Alipanda ngazi mpaka mlangoni kwangu. 'Kaka, spika zenu mbovu, zinarudia rudia.' Nikamwambia samahani dada, tutazitengeneza."

"Ukazitengeneza?" Swali lilimtoka binti kabla hajajizuia.

"Nikawa natangaza mara tatu."

Alicheka peke yake, cheko fupi la puani, halafu akamfuta mbwa unga kwenye nyusi.

"Alikuwa na mchumba, huko alikokuwa anakwenda. Nilijua, kituo kizima tulijua. Kwa hiyo kila asubuhi mimi ndiye nilikuwa namtangazia treni ya kumpeleka kwa mtu mwingine."

"Na wewe ukafanya nini, baba?"

"Ningefanya nini? Nilihakikisha hachelewi." Mzee akainua mabega. "Basi siku moja nimetangaza, treni imekuja, imejaza, imeondoka, na yeye amekaa tu kwenye benchi. Hajapanda. Anaangalia juu kwangu. Mpaka leo sijui kwa nini. Nilikuwa nimekusudia kumuuliza."

Walikaa pale mpaka mabega yao wote watatu yakawa meupe.

Waliporudi nyumbani, juu ya kioo cha kompyuta, binti alifuta harusi, akafuta tai, akamfuta mpinzani na ujanja wote. Akachora kichochoro chenye unga unaotua, na mbwa aliyelala kando ya watoto wasio wake. Akamwachia Meneja sentensi moja. Mama wa watoto anasimama, anasita, anatazama barabarani, na Meneja anamwambia: "Nenda katembee. Mimi nipo."

Mzee aliisoma, akaikunja karatasi, akaingia kabatini bila kuombwa. Binti akavaa hedifoni. Sauti ikaja ya chini, haina haraka, si ya mbwa na si ya kituo cha treni. *Nenda katembee. Mimi nipo.* Halafu vitundikio vya nguo vikagusana, na sauti ileile ikaanza tena, karibu zaidi: "Sasa wewe, mama, nilikuwa nataka kukuuliza..."

Binti alivua hedifoni. Akasimamisha mtambo, akaenda jikoni, akafungua bomba, akajaza glasi na kusimama nayo bila kunywa. Alikuwa bado jikoni baba yake alipotoka, macho mekundu, uzi wa gauni umenasa begani.

"Imetoka?"

"Imetoka, baba. Vizuri sana."

Mtayarishaji alipiga simu hajafurahi. "Harusi iko wapi?"

"Haipo."

"Na watu watacheka wapi?"

"Pale mtoto anapomkojolea."

"Basi sawa," mtayarishaji akasema, kwa sauti ya mtu ambaye mawazo yake yameshahamia kwenye jambo jingine.

Sehemu ile ilipoonyeshwa, mama mwoka mikate alikuja kuangalia nao, akacheka pale pa kucheka, kisha akatoa kitambaa akasingizia unga. Meneja mwenyewe alilala kipindi chote. Mzee aliangalia huku midomo yake ikifuata maneno, na picha ilipokwisha akaanza kueleza jinsi kijumba cha vioo kilivyokuwa kinavuja mvua, akaeleza mpaka chai ikapoa.

Bi Unga hakubadili moyo. Watoto walipoanza kula wenyewe, alihamia buchani moja kwa moja. Baadhi ya watoto wakachukuliwa na watu, na wawili waliobaki, asubuhi moja, wakamfuata Meneja nyumbani wakijikwaa kwenye kila ufa wa barabara. Hakuna aliyewafukuza. Meneja akarudi kwenye bakuli lake, akala, akawaachia nusu.

Binti aliweka kalamu chini, akatoka kukaa kizingitini. Wale wadogo walikuwa wamegundua vivuli vyao ukutani na wanavibwekea. Baba yake akaja na kiti chake, akakaa kando.

"Leo huchori?"

"Leo naangalia tu."

Mzee akanyoosha miguu juani, na mmoja wa wale wadogo akaja kuilalia.