Kati ya Sofu na Mzenga

Asteria Magembe alipewa kazi iliyoonekana nyepesi: kulinganisha mtaa mmoja wa Sofu, Kibaha, na kijiji kimoja cha Mzenga, Kisarawe, ili ijulikane ni wapi watu walijikinga vizuri zaidi wakati wa korona. Sofu walivaa barakoa, wakafupisha misiba, wazee wakafungiwa ndani. Mzenga waliendelea kulima, kuswali na kuzikana kama kawaida, wakijifukiza nyungu za majani ya dawa jioni.

"Vifo vingi vimeandikwa Sofu," alisema bosi wake, Gregori. "Kwa hiyo kujifungia hakukusaidia?"

"Mtu wa Sofu anafia hospitali, anaandikwa. Tena nusu ya mtaa wanashinda Dar, kwenye msongamano wa watu. Mzenga sijui."

"Basi nenda ukajue."

Akaenda. Kijijini hakumkuta hata mtu mmoja aliyewahi kupimwa. Nyumba zimeachana, mashamba katikati, na waliokufa, wote ilisemwa ni kifua tu. Mjane mmoja, Bi Mwanaamina, alimkaribisha mkekani alipokuwa akimenya mihogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Alipoelezwa kilichomleta mgeni, aliweka kisu chini. "Mume wangu Mbaraka alibanwa kifua, akafia humu ndani, ndugu wamemzunguka. Wewe umesoma. Tungemtenga kama walivyofanya wenzetu wa Kibaha, angepona?"

Asteria aliinamisha macho. Baba yake mwenyewe, mzee Magembe, walimtenga chumbani kwake pale Sofu. Chakula walimwachia mlangoni. Alikuwa akiwaita, nao wakimjibu dirishani, mpaka asubuhi moja hakuita tena. Je, wangekaa naye, wakamshika mkono, angepona?

"Sijui, mama."

"Hata kwa kukisia?"

"Hata kwa kukisia."

Bi Mwanaamina akakirudia kisu chake.

Aliporudi Kibaha, Asteria aliandika kwamba sehemu hizo mbili hazilinganishiki. Gregori alisoma, akavua miwani.

"Wakubwa wanataka jibu, Asteria. Hili si jibu."

"Ndilo lililopo."

Gregori akaivuta kompyuta, akafuta aya ile, akaandika kwamba Mzenga walifanya vizuri zaidi. Asteria akafungua mdomo ampinge. Lakini hata kwamba ule ni uongo asingeweza kuthibitisha.