Mwaka wa Tisa wa Shauri la Ozella Pettaway

Shauri lilipoahirishwa kwa mara ya kumi na nne, Ozella Pettaway hakulia wala hakusonya. Aliinuka, akachukua kofia yake mezani, akamgeukia wakili wake.

"Tarehe ngapi tena?"

"Tisa Mei," alisema Thaddeus Broome. "Upande wa jimbo wanasema shahidi wao anaumwa."

"Yuleyule aliyekuwa anaumwa Januari?"

"Yuleyule."

"Basi Mungu amponye, wakili, maana mimi nitazeeka kabla hajapata nafuu."

Ulikuwa mwaka 1957. Ozella alikuwa na miaka thelathini na minane. Alipoanza shauri alikuwa na ishirini na tisa, mwalimu wa kemia katika sekondari ya Weusi mjini Harlow, mji wa pamba ulio mbali na makao makuu ya jimbo. Duka la dawa lilikuwa moja tu, na Mweusi alihudumiwa kwenye dirisha la nyuma, baada ya Wazungu wote kuisha. Baba yake alikuwa na pumu. Ozella alikua akimwona mzee yule amesimama dirishani, mkono mmoja ukutani, anavuta pumzi kama mtu anayevuta kamba nzito, huku ndani Mzungu anauziwa sabuni ya uso bila haraka. Siku moja mzee alianguka palepale, asiinuke tena.

Ndipo Ozella alipoomba kusomea famasia katika chuo kikuu cha jimbo. Jibu lilikuja mistari minne: alama zako ni nzuri, lakini sheria hairuhusu watu wa rangi kusoma pamoja na Wazungu. Alipofungua shauri, bodi ya shule ilimfukuza kazi mwezi uleule. Akaenda kupiga pasi kwa dobi mmoja Mweusi, mahali ambapo bodi haikuwa na mkono.

Tangu hapo alipigwa danadana. Kwanza jimbo lilijitolea kumlipia akasome majimbo ya Kaskazini, ambako vyuo vilipokea Weusi. Akakataa, kodi ya wazazi wake ilijenga chuo hiki, si kile cha huko. Mwaka wa tatu jimbo likatangaza kwamba limefungua Kitivo cha Famasia cha Weusi. Ozella alipanda basi akaenda kukiona. Kilikuwa chumba kimoja chini ya ofisi ya kilimo, kina dawati moja, na mwalimu mmoja aliyekuja Jumanne tu.

"Wanafunzi wengine wako wapi?" aliuliza.

"Chuo kizima ni wewe," alijibu karani, hata hakuinua macho.

Ozella alicheka mpaka akashika mlango. Kisha akarudi zake nyumbani. Ilichukua miaka miwili mingine mahakama ya rufani kusema kwamba chumba si chuo. Na Mahakama ya Juu ya nchi ilipotamka kwamba kuwatenga watoto shuleni kwa rangi ni kuvunja katiba, watu walimshika mkono barabarani wakimpongeza. Akawaitikia. Chuo hakikumfungulia.

Tarehe tisa Mei shahidi mgonjwa hakuletwa kabisa. Badala yake wakili wa jimbo alimwita Ozella mwenyewe kizimbani.

"Ozella, una umri gani?"

Broome alisimama. "Mheshimiwa Jaji, mteja wangu anaitwa Bibi Pettaway."

Jaji alishusha pumzi. "Endelea, wakili."

"Umri wako, Ozella."

"Thelathini na minane. Nilipoomba nilikuwa na ishirini na tisa. Hiyo tisa iliyozidi muulizeni mteja wenu, ndiye aliyekaa nayo."

Kule nyuma, walikokaa Weusi, kicheko kilipasuka, jaji akagonga nyundo. Lakini wakili wa jimbo hakukasirika, na hapo Ozella akajua kuna jambo. Wakili huyo alitoa karatasi. Tangu mwaka uliopita, alisoma, chuo kina kanuni mpya: hakuna wa kuanza famasia akiwa amepita miaka thelathini na mitano.

Jumamosi iliyofuata, saa sita mchana, Broome alifika Harlow. Mama yake Ozella, Mama Idella, alikuwa mezani jikoni anamenya kunde.

"Kofia hujavua, Thaddeus, na uso wako umeshanipa habari mbaya."

"Nusu mbaya, Mama."

"Basi kaa. Nusu mbaya husikilizwa mtu ameshiba."

Alipewa mkate wa mahindi, hakuugusa. Alimtazama Ozella. "Jimbo limeleta mapatano, na jaji yuko tayari kuyasaini. Kuanzia Septemba, Mweusi yeyote anayeomba apimwe kwa kipimo cha Mzungu. Vitivyo vyote. Na chuo hakitakata rufaa."

"Ila?"

"Ila wewe uondoe ombi lako."

Kunde ziliacha kudondoka bakulini.

"Mimi peke yangu?"

"Wewe peke yako. Hawataki picha yako gazetini ukipanda ngazi zile. Tukikataa, tutapigania hiyo kanuni ya umri. Nadhani tutashinda. Miaka mitatu hivi."

Ozella alihesabu kimoyomoyo. Arobaini na moja kuingia, arobaini na mitano kutoka. "Na wengine wataendelea kungoja nje na mimi."

"Weusi walioomba mwaka huu ni sita."

"Usimtwishe hao sita, Thaddeus," alisema Mama Idella. "Mwanangu kabeba vya kutosha."

Broome alivua miwani akaifuta kwa tai. Shauri lilipoanza nywele zake zilikuwa nyeusi. "Simtwishi, Mama. Nimeambiwa nifikishe, nafikisha. Akisema tuendelee, Jumatatu asubuhi nawasilisha karatasi, na sitamnung'unikia."

Ozella alisimama, akaenda kwenye karo akafungua maji, asioshe chochote.

"Mnajua kinachonikera?" alisema bila kugeuka. "Si kukosa. Kukosa nimekuzoea. Kinachonikera ni kwamba wakili alipotamka 'uondoe', mabega yangu yalishuka. Nimefurahi, Mama. Wamenichosha mpaka nafurahia kunyang'anywa."

Mama Idella alienda akafunga maji, akabaki amesimama kando yake, bega kwa bega.

"Nitasaini," alisema Ozella. " Lakini waandike kwamba nilikuwa na sifa tangu siku ya kwanza, na kwamba nilikataliwa kwa rangi yangu, si kwa jambo lingine."

"Hiyo sentensi hawatakubali," alisema Broome.

"Basi na mimi sisaini."

Ilichukua wiki tatu. Jimbo lilileta "kwa mazingira ya wakati ule", akakataa. Likaleta "kwa sababu zilizokuwa nje ya uwezo wa chuo", akakataa, akaendelea kupiga pasi. Mwishowe karatasi ilikuja na sentensi yake, neno kwa neno. Alisaini kwenye kaunta ya dobi, mvuke unafuka nyuma yake, akamrudishia Broome kalamu. Walitazamana kama watu wawili walioshuka garimoshi moja baada ya safari ndefu, kila mmoja anatafuta mzigo wake.

Septemba, kati ya wale sita walipokelewa wawili. Mmoja alikuwa Lavinia Stokes, msichana wa miaka kumi na tisa, naye alichukua famasia. Jumapili moja ya Oktoba alikuja Harlow na mkebe wa biskuti.

"Bibi Pettaway, magazeti yanasema mimi ndiye wa kwanza. Nimewaambia si kweli, hawaandiki."

"Umekula?"

"Ndiyo, Bibi."

"Muongo. Kaa ule. Wanakutendaje?"

Lavinia aliweka mkebe mezani. "Kwenye maabara meza ni ya watu wanne. Yangu naikalia peke yangu. Jana mtu kanimwagia wino kwenye daftari."

"Nunua madaftari mawili. Moja libaki nyumbani. Na profesa?"

"Ananiita Lavinia. Wengine wote anawaita Bwana na Binti fulani."

Ozella aliitikia kwa kichwa, kama anayesikia habari za ndugu wa mbali. "Sasa niambie mnachosoma. Anza mwanzo."

Msichana alianza. Alieleza jinsi ya kusaga unga wa dawa, jinsi ya kuuchanganya kidogo kidogo ili kila sehemu ipate sawa, jinsi mkono unavyotakiwa kuzunguka. Ozella aliuliza mara moja, mara mbili. Alimsahihisha jina moja la chumvi. Kisha akaegemeza kichwa kwenye kiti, macho yakajifumba, mdomo ukafunguka kidogo.

Lavinia alinyamaza. "Mama Idella, nimemchosha?"

"Si wewe," alisema bibi kizee, akamsogezea sahani. "Mwache alale. Kesho alfajiri kuna mashuka ya hoteli nzima yanamngoja. Wewe endelea kunieleza mimi, ila polepole, kemia sikusoma."