Wimbo Ulioanza Juu

Nyama ilikuja imefungwa kwa jani la mgomba. Bua akaiweka mbele ya Onuma kwa mikono miwili, kama mtu anayempa mkubwa wake.

"Mama kaituma kwa basi la asubuhi," akasema. "Kaianika juani, kaikaanga mwenyewe. Kasema mwalimu wako ale kwanza, wewe na Thong mle makombo."

"Mimi makombo ndiyo chakula changu," Thong akadakia, na mkono wake tayari umo kwenye kikapu cha wali wa kunata.

Walikuwa watatu, wanafunzi wa uhandisi wa mwaka wa kwanza hapo chuo kikuu cha Khon Kaen, Thailand, wamekaa kwenye benchi la mawe kwenye uwazi wa chini ya jengo lao. Onuma akamega kipande, akatafuna, akatafuna tena, hakimezeki. Akanywa maji.

Maana hapo chuoni ndivyo wanavyoishi: mtihani ukikaribia, aliyeelewa huwaketisha wenzake chini ya jengo akawafundisha, nao humlipa kwa chakula tu. Safari hii ulikuwa mtihani wa nusu muhula, somo lilikuwa kalkulasi, ile hesabu ya kutafuta kasi ya vitu vinavyobadilika, na aliyeelewa alikuwa Onuma. Kanuni ya kugawa ilikuwa inawasumbua, basi akawatungia wimbo kama wanafunzi wote wafanyavyo: "Juu shika, kasi ya chini, toa chini, kasi ya juu, gawa kwa chini mara chini." Bua aliuimba akioga, akauimba akipiga pasi shati lake jeupe.

Wimbo ulikuwa umepinduka. Ulitakiwa uanze chini.

Onuma aliligundua hilo asubuhi ya mtihani, akiwa anakunywa uji. Alichukua hesabu ya kitoto, namba mara yenyewe, igawe kwa namba hiyohiyo. Jibu ni namba yenyewe, na hiyo kila mtu anajua inapanda. Wimbo wake ukasema inashuka. Akarudia. Inashuka.

Alipofika, mlango wa ukumbi ulikuwa bado umefungwa. Bua alikuwa ameegemea ukuta, macho kayafumba, midomo inacheza. Anaimba. Onuma alisimama karibu naye kiasi cha kuweza kumgusa bega. Yalihitajika maneno mawili tu: anza chini. Lakini alama pale hupimwa kwa kuwalinganisha wanafunzi wenyewe kwa wenyewe. Wengi wakianguka, aliyebaki wima anaonekana mrefu. Akajiambia nitamchanganya tu sasa hivi, muda umekwisha. Muda ulikuwepo. Mlango ukafunguliwa.

Matokeo yakatoka. Onuma akawa miongoni mwa wa juu kabisa.

"Mbona huli?" Bua akamuuliza sasa, pale bencheni. "Kavu sana?"

"Tamu."

"Basi kula, bibi, mama ataniuliza." Bua akatoa karatasi kwenye mkoba, akainyoosha gotini. "Mimi nasubiri mhadhiri arudi anitilie sahihi. Leo ndiyo mwisho wa kujitoa kwenye somo."

Thong akaacha kutafuna. "Unajitoa kweli?"

"Nahama na kitivo kabisa. Mhandisi gani hajui kugawa? Yale maswali nimekosa yote, wenzangu. Nikisema kitu kinapanda, wao wanasema kinashuka."

"Na mimi nimekosa! Tena mimi hata wimbo sikukariri, nimeanguka kwa juhudi zangu mwenyewe. Umeona nikijitoa?"

"Wewe huna aibu." Bua akacheka, kisha kicheko kikamwishia mdomoni. "Onuma kanifundisha vizuri, kwa upole, kitu kilekile mara ngapi? Kichwa changu ndicho kibovu. Hata mama nimemwambia hivyo."

Hapo ndipo Onuma alipoona hawezi tena. Kufeli kwa Bua alishaanza kukuzoea, Mungu amsamehe. Lakini huyu mtu kumwambia mama yake kwamba ana kichwa kibovu!

"Wimbo ulikuwa na makosa," akasema.

"Wimbo gani?"

"Wa kugawa. Unaanza chini, siyo juu. Mimi niliupindua. Wewe uliimba sawasawa kama nilivyokufundisha."

Thong akatazama darini kama vile kuna kitu kule.

"Haya, mtu hukosea," Bua akasema taratibu. "Umejua lini?"

"Asubuhi ile."

"Baada ya mtihani?"

Onuma angeweza kuitikia tu kwa kichwa. "Kabla. Wewe ulikuwa ukutani, unaimba."

Bua akalikunja lile jani la mgomba juu ya nyama, pembe moja, pembe ya pili, akaifunga na kamba yake. Akainuka na karatasi na nyama, akaelekea kwenye ngazi za ofisini. Onuma akabaki anatazama mgongo wake.

Kwenye ngazi ya kwanza Bua akasimama. Akakaa palepale, akatoa kalamu, akaigeuza karatasi ya kujitoa upande mweupe.

"Imba," akasema bila kugeuka. "Vizuri safari hii."

"Chini shika, kasi ya juu," Onuma akaimba. "Toa juu, kasi ya chini. Gawa kwa chini mara chini. Jaribu namba mara yenyewe, gawa kwa yenyewe."

Kalamu ikakwaruza, ikasimama, ikakwaruza.

"Kasi ni moja," Bua akasema. "Inapanda." Akaipigia mstari. "Kumbe."

Mhadhiri akapita pembeni yake akipanda ngazi, akauliza kama kuna karatasi ya kutia sahihi.

"Hakuna, mwalimu. Iliyokuwepo nimeshaiandikia hesabu."

Kisha Bua akaondoka upande wa bweni, nyama kwapani.

"Haya sasa," Thong akanong'ona, "na wali huu tunaula na nini?"

Onuma akamega tonge, akalila kavu.