Shingo ya Istahil

Istahil alikuwa akimmiminia Loise, muuguzi wa zahanati ya Tarbaj, chai ya maziwa ya ngamia, pumzi yake mwenyewe ilipoanza kwenda mbio. Alikuwa ameketi kibandani mwake mwa chai, hana homa, na upepo ulikuwa mzuri.

Loise aliweka kikombe chini, akamgusa shingo pande zote mbili, chini ya taya. Alimweleza kwa upole kwamba hapo pana seli ndogo zinazoonja damu. Oksijeni ikipungua, seli zinatoa kemikali, mshipa wa fahamu ulio jirani unaipokea na kupeleka habari kwenye ubongo, na kifua kinaamriwa kuvuta hewa kwa nguvu.

"Zako ni nzima, Mama Iftin," alisema. "Ila habari hizi si zako. Zimetoka shingo nyingine."

Istahil alijua ni ya nani. Mumewe, Siyad, alikuwa akichimba kisima cha mradi tangu asubuhi. Loise akabaki kumlindia kibanda, naye akakimbilia kisimani.

Zamani wachimbaji waliimba wakiwa chini, na waliokuwa juu walisikiliza: wimbo ukikatika, kamba inavutwa. Lakini mheshimiwa alikuwa anakuja Ijumaa kufungua kisima, na msimamizi, Elkanah, alikuwa ameteremsha injini ya kuvuta maji mle ndani ili kazi iende haraka. Injini ilikula hewa, ikatoa moshi, ikafunika wimbo.

Elkanah alikuwa kijana mwenye adabu. Alimwekea Istahil kiti kivulini, akampa maji, akasema Siyad hajalalamika.

"Kwako hajalalamika," Istahil alisema akihema. "Kwangu analia. Mtoe mtu wangu."

"Mama, nikisimamisha kazi, Ijumaa itatukuta na shimo."

"Basi mheshimiwa atafungua shimo."

Kiti hakukikalia. Alishika kamba. Abdihafid, mchimbaji mwenzake Siyad, alishika nyuma yake, na wengine wakafuata.

Siyad alitoka amelegea, midomo ya kijivu. Alivuta hewa mpaka pumzi ya mkewe ikatulia.

"Nimekuita muda mrefu," alisema.

"Nilikuwa na mteja."

Kesho yake injini ilirudi chini, na Abdihafid akateremshwa mahali pa Siyad. Mke wa Abdihafid alikuwa mbali, Mandera, kwa hiyo habari za shingo ya mumewe zilimjia Istahil, aliyekuwa amehamishia birika lake kando ya kisima. Kila alipoanza kuhema aliweka kikombe chini na kuvuta kamba, na wateja wakamsaidia kuvuta.

Ijumaa mheshimiwa alikata utepe, akaisifu injini. Jumatatu injini ilipakiwa kwenye pikapu kupelekwa kisima kingine, na Abdihafid akapanda mbele. Istahil alipanda nyuma na birika lake, akakalia kamba.

Elkanah alimwomba ashuke, kwa heshima zote.

"Endesha," Istahil alisema.